Hai Hadi Kwenye Ncha ya Kisu

Karibu kila kilichopangwa kwenye meza za soko la samaki kimekwisha kufa. Hata nguru wa alfajiri, mwenye jicho angavu na matamvua mekundu, ni maiti, na kazi ya muuzaji ni kumzungushia barafu ili kifo kisimfikie mnunuzi puani. Kaa huuzwa hai lakini hufia chunguni. Chaza ana mambo yake: huvunwa hai, husafirishwa hai, huuzwa hai, na anayemla mbichi humla angali hai, pengine moyo wake mdogo wenye vyumba vitatu ukiwa bado unapiga. Atakayeshtuka na ashtuke. Mimi naona hapo ndipo ulipo ustadi wote wa kazi hii. Mwenye biashara ya chaza anauza uhai, na uhai huo ukimponyoka njiani amebaki na gunia la sumu.

Mahali pazuri pa kuutazama ustadi huo ni Cancale, mji mdogo wa Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, kwenye ukingo wa ghuba ya Mont Saint-Michel. Mwisho wa bandari, upande wa La Houle, kuna vibanda vichache vyenye maturubai ya mistari, na mbele yake vikapu vya chaza vilivyoandikwa namba. Unachagua dazeni yako, muuzaji anakufungulia papo hapo, anakupangia kwenye sahani pamoja na limau, nawe unakwenda kuketi kwenye ngazi za ukuta ukiielekea bahari. Magamba unayatupa chini ufukweni, wala hakuna wa kukukemea. Ufukwe wenyewe pale ni magamba ya waliokula kabla yako.

Namba za vikapuni huwachanganya wageni, kwani hupanda huku chaza akipungua. Namba 5 ni mdogo, gramu 30 hadi 45. Namba 3, anayependwa na wengi, ni gramu 66 hadi 85. Namba 0 huanzia gramu 151. Tena uzito huo ni wa gamba na maji na vyote, hausemi lolote kuhusu unono. Ndiyo maana kuna kipimo cha pili: chaza 20 hufunguliwa, nyama yao ikapimwa dhidi ya uzito wao mzima, na ikivuka asilimia 10.5 ndipo chaza hao wanaruhusiwa kuitwa maalumu. Wengi waliopo foleni hawalijui hilo, na hawapungukiwi kitu.

Kabla ya kisu, sikio. Mtazame muuzaji anapohesabu dazeni yako: hachukui chaza mmoja mmoja kwa utulivu, huwachota wawili wawili na kuwagonganisha bila kuonekana anafikiri. Chaza mzima, aliyejifunga na maji yake ndani, hutoa mlio mzito wa jiwe. Aliyekauka au kufa hutoa mlio mtupu. Anachofanya ni kile kile afanyacho mama wa Kariakoo anapotikisa nazi sikioni na kuirudisha kwenye fungu bila maelezo. Huyo wa mlio mtupu anaishia kwenye ndoo iliyo miguuni pa muuzaji, na mteja hata hajui kama ameepushwa na kitu. Aliyefunua midomo kidogo hupewa nafasi ya kujitetea: hugongwa kwa kidole, na akijifunga anarudi kikapuni.

Kufungua sasa. Chaza ana magamba mawili, la chini lenye kina na la juu bapa. Kwenye ncha yake nyembamba yameshikwa na bawaba, na ndani kuna msuli mmoja unaoyavuta yafunge. Mfunguaji anaweza kuingilia bawabani, kama wafanyavyo Waingereza na Wamarekani wengi, ncha ya kisu ikichomekwa na kusokotwa mpaka kiungo kitoe mlio. Wafaransa wengi huingilia ubavuni. Chaza hulazwa kiganjani juu ya kitambaa, kina chini, bawaba ikielekea kwenye kifundo cha mkono, na kisu hutafuta upande wa kulia, theluthi mbili ya njia kutoka bawabani, pale ulipo msuli.

Kisu chenyewe hakitishi. Ni kifupi, kinene kidogo, makali yake hayangekata nyanya vizuri. Kidole gumba hushika ubapa karibu kabisa na ncha, kiasi cha kuacha sentimita moja tu mbele yake, ili kisu kikipenya ghafla kisizame zaidi ya hapo. Mtu asiyejua hukishika mpinini na kusukuma kwa bega zima, na ndivyo viganja vinavyotobolewa kila Desemba, Wafaransa wanapofungua chaza nyumbani kwa ajili ya Krismasi na mwaka mpya. Ajuaye hasukumi mwanzoni. Anapapasa kwa ncha kwenye mstari wa midomo ya magamba, mstari ambao kwa chaza wengi hauonekani kwa macho maana ukingo wote una mikunjo na kokwa, mpaka apate mahali panapokubali. Nguvu inatumika kwa kitambo kifupi mno. Kisha mkono unalegea, na hapo ndipo kazi ngumu inapoanza: ubapa wa kisu lazima uteleze ukiwa umebana dari ya gamba la juu, uukate msuli bila kuligusa tumbo lililo jirani yake. Kisu kikiinama chini kidogo tu, tumbo linapasuka, na sahanini unapata kitu kilichovurugika, chenye uji wa kijivu.

Gamba la juu linaondoka, na mfunguaji anafanya mambo matatu kwa wakati ambao wewe ungetumia kupepesa jicho. Anatazama kama nyama imejaa na ina maji. Ananusa, si kwa kuinama, bali kwa vile pua yake iko hapo hapo siku nzima na harufu mbaya moja itamfikia yenyewe. Anafagia kwa ncha ya kisu chembe za gamba zilizoangukia ndani. Maji ya kwanza wengi huyamwaga, kwa kuwa yana chumvi kali na mchanga. Chaza aliye mzima atatoa mengine baada ya dakika chache, matamu zaidi. Msuli wa chini Wafaransa hawaukati. Wanakuachia wewe mlaji uukate kwa uma, na ninavyoelewa mimi, huo ni ushahidi unaowekwa mezani: nyama ingali imeshika gamba lake. Ukiwa na shaka, gusa pindo jeusi la ukingoni. Litajikunja.

Kasi si kipimo kizuri cha kazi hii, ingawa wapo wanaoishindania. Katika tamasha la chaza la Galway, Ireland, lililoanza mwaka 1954, kila mshindani hufungua chaza 30, na waamuzi huongeza sekunde kwa kila nyama iliyojeruhiwa, kila kipande cha gamba kilichosahauliwa, kila tone la damu ya mfunguaji. Napenda kanuni hiyo. Inakiri kwamba uzembe ni muda uliokopwa. Lakini mfunguaji wa sokoni hana saa wala jukwaa, na pengine dazeni yake ya mwisho jioni ni safi kuliko ile ya asubuhi, kwa sababu mkono umekwisha kupata moto na watalii wamepungua.

Kisu hicho, hata hivyo, ni mkono wa mwisho tu katika msururu mrefu. Chaza anayefika mezani amejifunga vizuri amefundishwa kujifunga.

Ghuba ya Mont Saint-Michel ina bamvua la kutisha. Maji hupanda na kushuka hadi kiasi cha mita 14, karibu mara tatu ya bamvua la Unguja, na yakipwa huacha uwanda wa matope na mchanga ambao mwisho wake hauuoni. Huko ndiko viliko vichanja vya chuma, safu kwa safu, na juu yake mifuko ya wavu mgumu iliyojaa chaza. Wafugaji huteremka na matrekta wakifuata mgongo wa maji yanayorudi, hufanya kazi kwa haraka, kisha hupanda tena bahari ikiwafuata nyuma. Siku za maji mafu vichanja vya chini havionekani kabisa, na hakuna la kufanya huko. Wanawake wa Paje na Jambiani wanaolima mwani wangeisoma kalenda hii bila mkalimani.

Mbegu kwa desturi haitoki hapa. Hutoka kwenye maji yenye joto zaidi, Arcachon na Marennes-Oléron, ambako vichanga wa chaza huelea kwa wiki mbili tatu kabla ya kutafuta mahali pa kunata maisha yao yote. Zamani walitegewa vigae vilivyopakwa chokaa, kwa hesabu nzuri: kichanga alinata kwenye chokaa, na alipokua mfugaji aliibandua chokaa bila kulivunja gamba. Siku hizi vipo visahani vya plastiki, na wengi huzaliwa kwenye vituo vya kutotoleshea. Kutoka hapo mpaka sokoni ni miaka mitatu, pengine minne, na katika muda wote huo hakuna anayewalisha chochote. Chaza huvuta maji, lita kadhaa kwa saa, na kuchuja humo mimea midogo isiyoonekana kwa macho.

Kazi ya mfugaji ni kugeuza na kutikisa. Mfuko ukiachwa bila kuguswa, chaza hunatana, hurefuka na kuwa wembamba wenye gamba jepesi, na mwani hufunga matundu ya wavu. Ukigeuzwa na kutikiswa, ncha laini za magamba yanayokua huvunjika, na chaza, badala ya kurefuka, hutia kina na kunenepa. Kila wanapokua hupunguzwa idadi na kuhamishiwa mfuko wenye matundu makubwa zaidi. Kaa na viti vya pweza huondolewa kwa mkono. Ni kazi ya mgongo na viganja, kwenye upepo wa Januari, na hakuna mlaji kwenye ngazi za bandari anayeiona.

Halafu huja mafunzo. Chaza aliyeishi daima chini ya maji, siku akitolewa hupanua magamba yake, humwaga maji na kufa njiani. Aliyezoea kuachwa mkavu kila siku hujua kufunga mlango na kungoja. Basi mfugaji humpandisha sehemu ya juu ya pwani, ambako bahari humwacha kwa saa nyingi zaidi, au humtia kwenye bwawa ambalo maji yake hufunguliwa na kurudishwa, kila mara kwa kipindi kirefu kidogo kuliko kilichopita. Msuli unapata nguvu. Baada ya hapo anaweza kulazwa kwenye kikapu, gamba la kina chini, mzigo mdogo juu yake umsaidie kujibana, mahali penye baridi ya nyuzi 5 hadi 15, akakaa hai siku kadhaa bila tone la maji ya bahari isipokuwa yale aliyojifungia. Kumtia kwenye maji baridi ya bomba ili "kumburudisha", kama wafanyavyo wema wasiojua, ni kumuua.

Historia ya chaza wa Ufaransa nayo inajaa watu waliodhani amekufa. Mwaka 1868 meli iitwayo Morlaisien, iliyobeba chaza kutoka Ureno, ilikimbilia mlango wa mto Gironde kwa ajili ya dhoruba. Shehena ikakaa, ikaanza kunuka, nahodha akaimwaga mtoni. Baadhi hawakuwa wamekufa. Wakazaana, wakaenea, wakalisha nchi kwa miaka mia moja, mpaka ugonjwa wa virusi ulipowafagia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hapo wakaletwa chaza wa Pasifiki, wazazi kutoka Kanada na mbegu kutoka Japani, na hao ndio wanaojaza vikapu leo. Chaza bapa, mwenyeji halisi wa Ulaya na aliyeipa Cancale jina, alipigwa na vimelea wawili, mmoja mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwingine mwaka 1979, na sasa hufugwa kwa uchache, chini kwenye vilindi. Kisha mwaka 2008 virusi vingine vikaanza kuua vichanga wa chaza wa Pasifiki kwa wingi katika mabwawa na ghuba karibu zote za Ufaransa. Mfugaji anayejaza mifuko yake leo anajua kuwa sehemu kubwa ya mbegu haitafika.

Wanawake ndio waliobeba sifa ya mji huu, na ni haki. Wanaume walipokwenda miezi kwa miezi kuvua chewa wa Newfoundland, wake zao na mama zao ndio walioshuka pwani na vikapu, wakapembua na kuosha chaza. John Singer Sargent aliwachora mwaka 1878, wakitembea juu ya mchanga wenye maji, anga nyuma yao. Picha nzuri. Naipenda zaidi sanamu iliyoko mjini, kazi ya Jean Fréour ya mwaka 1975, yenye waosha chaza na vikapu vyao, kwa kuwa inawaonyesha kazini.

Sasa neno linalopendwa na menyu za siku hizi: uendelevu. Chaza ana haki ya kulitumia kuliko wengi. Haombi chakula, mbolea wala dawa, na anayaacha maji safi kuliko alivyoyakuta. Lakini usafi huo una upande wa pili, kwani anachokichuja hukiweka ndani, na wewe unamla pamoja na utumbo wake. Kwa sababu hiyo maeneo ya ufugaji Ulaya hupangwa kwa madaraja kulingana na bakteria wa kinyesi, E. coli: daraja la kwanza, ambalo chaza wake wanaweza kwenda moja kwa moja sokoni, asilimia 80 ya sampuli zake hazina budi kutozidi 230 katika gramu 100 za nyama na maji ya chaza. Wakizidi, lazima wasafishwe kwanza kwenye mabwawa ya maji safi. Mwishoni mwa Desemba 2023, wiki ambayo Wafaransa hula chaza kuliko zote, serikali ilizuia kuuzwa kwa chaza wa Arcachon kutokana na virusi vya kuharisha. Mvua kubwa ilikuwa imezidi mifereji ya maji taka. Wafugaji hawakukosea hatua moja. Chaza wao walikuwa hai, wanono, wamejifunga vizuri, na hawakufaa. Anayetaka kujua kama chaza wake ni endelevu basi asihangaike sana na nembo kwenye kikapu, aulize mji ulio juu ya ghuba unapeleka wapi choo chake.

Swali hilo linafika hadi kwetu. Chaza wa mwamba, mdogo mwenye ukingo wa mikunjo mikali, ameshika miamba na mizizi ya mikoko kutoka Lamu hadi Mtwara, gamba lake la chini likiwa limeganda pale pale, kiasi kwamba waokotaji wengi humfungua akiwa bado mwambani na kuondoka na nyama tu. Kwa wengi wetu hiyo nyama ni ya kuchemsha au kupika, na nadhani kwa maji ya mito yetu mingi inayopita mijini busara iko upande huo. Gazi, kusini mwa Mombasa, watafiti wamejaribu kumfuga. Fumba na Bweleo, Unguja, wanawake wamefuga chaza wa aina nyingine kwa ajili ya nusu lulu na kutenga maeneo ya pwani yasiyovunwa. Ujuzi wa kupwa na kujaa haupungui. Kinachokosekana ni maabara ya karibu, barafu na bomba la maji taka linaloishia mahali pengine.

Ukifika Cancale, epuka Julai na Agosti. Chaza wa kawaida anakuwa kwenye uzazi, amejaa utelezi mweupe kama maziwa, na wale wasiozaa waliotengenezwa na wanasayansi ili wauzike mwaka mzima ni wanono lakini mimi huwaona wapole mno. Nenda Oktoba. Anza na namba 4, yule wa kwanza bila limau, na umtafune. Kummeza mzima ni kulipia chumvi tu. Sahani ya pili, kama mfuko unaruhusu, omba chaza bapa wa kilindini, mwenye ladha ya shaba inayokaa ulimini. Na kama mwenye kibanda ana yule mkubwa wa porini, aliyekaa chini ya bahari miaka 15 au zaidi, mtazame anavyobadilisha mwendo. Gamba la mzee huyo limetobolewatobolewa na viumbe wa baharini, hupasuka kisu kikibanwa vibaya, na mfunguaji huzunguka ukingo wake taratibu, akijaribu hapa na pale, akiacha, akirudi. Wateja wengine, wakiuona ukubwa wake, huomba aokwe kwa siagi. Baadhi ya wauzaji hukubali.